Chapati za Akinyi

Harufu ya chapati kwa jirani juzi ilinirudisha utotoni, mtaani kwetu Umoja, alasiri ile dada yangu Akinyi aliporudi kutoka hospitali. Tumbo lilikuwa limemvimba kwa miezi, na majirani walinong'ona kuwa ana mimba. Mimi nilikuwa tayari nimemfulia mtoto shali.

"Mtoto yuko wapi?" nililia.

"Hakukuwa na mtoto, wewe!" Mama alicheka. "Damu yake ya kwanza ilikosa njia. Daktari ameifungulia."

Leo najua ni utando mwembamba uliokuwa umeziba uke. Siku ile nilijua tu kwamba Mama alipika chapati, chakula chetu cha Krismasi, katikati ya wiki, akanituma nizipeleke kwa wote waliomsengenya Akinyi.

Akinyi akapaza sauti kutoka kitandani: "Waambie mtoto ndiye huyo! Wampokee angali moto!"