Visamaki vya Mama Feza

Cheka tu, ndugu msomaji, maana nilijitakia. Ninasomea udaktari wa aina mbili kwa pamoja, wa kutibu na wa utafiti, na utafiti wangu unahusu watu wa Nyangwe wanaovulia samaki vyandarua vya mbu, au mustikere kama wanavyoviita huku.

Juzi profesa wangu alikuja kukagua kazi. Nikajigamba: "Tabia hiyo nimeimaliza, profesa. Mimi mwenyewe ndiye mfano wao wa kulala ndani ya chandarua."

Mama Feza, mwenye nyumba ninamopanga, akatupakulia vile visamaki vitamu ninavyokula kwake kila jioni. Profesa akalamba vidole, akamuuliza vidogo hivyo wanavikamataje.

Mama akaniangalia kwa fahari. "Na mustikere ya dokta! Yeye halalakamo, anasema iko joto, njo maana tunaendaka nayo ku mto."