Sauti ya Mara ya Kwanza

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kusikiliza Kiingereza wa chuo kimoja mjini Morogoro. Rekodi hupigwa mara moja tu, nami kila zoezi nilikosa sentensi za mwanzo. Ningefeli, nafasi yangu chuoni ingepotea. Kwetu Uluguru tumelelewa hivi: sauti ikikuita kwenye ukungu, usiitike mpaka iite tena, kwani huenda si ya mtu. Sikio langu lilizoea kuiacha ya kwanza ipite.

Mchana mmoja nilifanya zoezi kibarazani, bibi akimenya njegere pembeni yangu. Ukungu ukashuka, ukaficha migomba. Nikaitwa jina langu kutoka bondeni, kwa sauti ileile ya bibi. Yeye alikuwa amefumba mdomo.

"Umesikia, bibi?"

"Nimesikia."

"Mimi nilipoisikia tu niliziba masikio, kama mlivyotufunza."

"Kichwa maji wewe! Nani kakukataza kusikia? Tumekukataza kuitika. Usiposikia ya kwanza, utajuaje kama ya pili imesogea karibu?"

Haikuita tena. Nikawasha rekodi, nikaidaka sentensi ya kwanza. Mtihani nilifaulu.

Nawe, sauti ikianza, ipokee palepale, andika ulichosikia, na usijibu mpaka inyamaze.