Mtoto Aliyemjibu Mtahini

Siku tarumbeta ilipoingia nyumbani kwangu Kalama, ng'ombe alishtushwa na mlio wake, akapiga teke ndoo na maziwa yote yakanywewa na mchanga. Nasema hivi ili ujue kwamba sikuipenda tangu mwanzo. Wako wazazi wanaosema walijua mtoto wao ana kipawa tangu akiwa tumboni. Mimi sikujua kitu. Nilijua tu kwamba jioni hiyo tutakunywa chai ya strungi.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la tano. Mama yake, binti yangu wa pili, alikuwa Nairobi akifanya kazi katika nyumba za watu, na mtoto aliachwa kwangu tangu akiwa anatambaa. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Ukimtuma anaenda, ukimwita anaitika, basi. Watu walikuwa wakiniuliza kama anasikia. Anasikia sana, ndiyo maana hasemi. Ilikuwa ile miaka ya tisini kuelekea mwisho, mzee wangu alikuwa bado hai, ingawa siku hizo alikuwa wa kukaa juani tu na kuulizia uji.

Mwalimu wa tarumbeta alikuwa mzee aliyestaafu kutoka bendi ya askari, mtu wa tumbo kubwa na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Alifundisha watoto Jumamosi mjini Machakos, katika chumba nyuma ya kanisa. Watoto walikuwa wengi na tarumbeta zilikuwa tatu, zote kuukuu. Kwa hivyo aliweka sheria. Mtoto aliyepewa tarumbeta anaenda nayo nyumbani, lakini kila mwaka anafanya mtihani wa gredi. Akipita inabaki kwake. Akianguka inaenda kwa anayengoja. Na aliyekuwa akingoja tarumbeta ya mjukuu wangu tulimjua: msichana wa Katelembo, mtoto mzuri mwenye adabu, ambaye baba yake alimleta kila Jumamosi akae kwenye benchi atazame wenzake. Nilikuwa naona haya kumtazama yule baba usoni. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anangoja tu, na kungoja kwake kulikuwa kunakula chakula chetu.

Msaada wangu ulikuwa nini? Mimi sikusoma. Kujua kuandika nilipata kwa gumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na huko mwalimu wetu alikuwa akilala darasani, hiyo ni hadithi nyingine. Muziki wa kwenye karatasi ulikuwa kwangu kama siafu wamepanda ukuta. Lakini niliweza kukaa. Ng'ombe akishakamuliwa, mtoto anasimama nyuma ya boma, mimi nakaa juu ya debe nachagua mbaazi, naye anapuliza. Akikosea nilijua, maana bega lake moja lilipanda juu kabla sauti haijaharibika. Nilikuwa namwambia, "Bega," naye anarudia.

Jirani yangu, mama mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kuwekwa kufuli, alikuja hadi kwenye ua.

"Kwenu mmefiwa, ama kuna baraza la chifu?"

"Ni masomo," nikamwambia.

"Masomo ya kuita fisi?"

"Fisi akija, nitamleta kwako. Wewe ndiye uko na kuku."

Akaenda akicheka, lakini kesho yake alirudi na kuuliza kwa nini leo tumechelewa kuanza.

Basi mtihani ukakaribia. Mwalimu akanieleza ulivyo. Mtoto anapuliza nyimbo tatu, mwalimu akimsindikiza kwa piano. Halafu mwalimu anatoka, mtoto anabaki peke yake na mtahini, anapandisha na kushusha sauti kwa mpangilio, hizo wanaita skeli. Mwisho kabisa ni mtihani wa sikio. Mtahini anacheza kipande kifupi kwa piano, na mtoto anakiimba vilevile kwa mdomo.

"Hapo ndipo naogopa," mwalimu akasema. "Kwa tarumbeta anafanya. Kwa mdomo, mama, anatoa sauti kama mbu aliye ndani ya chupa. Mzoeze kuimba."

Kuimba! Hapo nilijiona nimefika nyumbani. Katika mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama cha kulimiana mashamba, mimi ndiye nilikuwa ngui, mwanzishaji wa nyimbo. Kama hujawahi kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo, kwenye mteremko wa Kalama mwezi wa nane, ardhi ikiwa kama saruji, huwezi kujua wimbo unafanya kazi gani. Wimbo ndio unaoinua jembe. Nikamchukua mtoto likizo nzima, nikampa jembe dogo, nikamweka katikati ya wanawake wenye vifua vipana.

Wimbo wetu ni mazungumzo. Nikiuliza kwa sauti, mvua imekwenda wapi, wao hawaniulizi tena mvua imekwenda wapi. Wananijibu kwamba imekwenda Masii sokoni, itarudi na kiondo kilichojaa. Nikiuliza nani ameiona, wananijibu, na jembe linashuka pamoja na jibu. Anayechelewa kujibu anapigwa na mchanga wa mwenzake. Juma la kwanza mtoto alinong'ona. Juma la pili nilimsikia. Likizo ilipokwisha alikuwa na sauti nzito iliyonyooka, wanawake wakageuka kumtazama, na mmoja akasema, "Huyu alikuwa ameficha mtu mzima tumboni!" Nilifurahi hadi nikasahau mgongo.

Mtihani ulikuwa Nairobi, katika jengo la kanisa lenye ukumbi mrefu. Mtahini alikuwa Mzungu mzee aliyetoka kwao Uingereza kwa kazi hiyo tu. Nilikaa nje kwenye benchi, leso imefungwa vizuri. Nyimbo tatu zilienda, hakuna bega. Mwalimu akatoka akijipangusa shingo, akakaa karibu nami. Skeli zikapanda zikashuka. Halafu piano ikalia kidogo, kipande kifupi, ikanyamaza.

Na mjukuu wangu akaimba. Sauti ilipita kwenye mlango kama hakuna mlango. Lakini hakuimba kile kipande. Aliimba kingine, kilichoanzia pale cha mtahini kilipoishia, kikashuka taratibu kikatua chini. Nilisikia raha, nikasema, "Haya, sawa kabisa!" Piano ikalia tena, tofauti. Mtoto akajibu tena, vizuri kuliko mara ya kwanza.

Mwalimu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Anajibu," akasema. "Mungu wangu, mama, anajibu!"

"Ulitaka anyamaze?"

"Nilitaka arudie! Arudie vilevile! Nani amemfundisha kujibu?"

Nikakumbuka mitaro yetu. Kule ndani mtoto alijibu mara ya tatu, na ile ya tatu ilikuwa tamu sana, nikaomba Mungu aifanye mbaya ili isinichome.

Matokeo yalikuja baada ya wiki nyingi. Mwalimu aliyaleta mwenyewe, akakataa kiti, nikajua. Mtoto alikuwa ameanguka, kwa alama chache tu. Nyimbo zilikuwa nzuri. Lile sikio ndilo lililomwangusha, maana huko hakupewa karibu chochote.

Mtoto hakulia. Aliingia ndani, akatoka na tarumbeta ameifunga kwa leso yangu mpya, ile ya kwenda kanisani, akaiweka miguuni kwa mwalimu. Alikuwa ameshaifunga tangu asubuhi.

Mwalimu akamuuliza, kwa upole ambao sikujua anao, "Kwani ulisahau, mtoto wangu? Si nilikuambia umrudishie vilevile?"

"Sikusahau."

"Sasa?"

Akatazama chini. Nilidhani atasema ni mimi, susu yake, bibi yake, niliyempeleka kwenye mitaro, na ingekuwa haki yake kusema hivyo. Akasema, "Alikuwa mzee. Nilifungua mdomo nikaona nitakuwa namwigiza. Nikamjibu."

Mwalimu akanitazama, mimi nikatazama ng'ombe. Maana hapo mtoto alisema kitu ambacho kila mtu kwetu anakijua. Mtoto kumwigiza mtu mzima, kumrudishia sauti yake usoni, ni tusi kubwa kuliko tusi lenye maneno. Huyu nilimlea mimi. Nilimlea vizuri, na malezi yangu mazuri yakamwangusha gredi.

Mwalimu alikaa sasa, kwenye debe langu la mbaazi. Mwishowe akasema, "Mtahini atakuja tena. Baba wa Katelembo nitaongea naye. Lakini mara moja tu, mama. Mtoto wake naye ni mtoto." Akaenda bila chai, na tarumbeta ikabaki juu ya mchanga ndani ya leso, haijulikani ni ya nani.

Kesho yake nikamwita mjukuu wangu. "Niigize," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Nimekuambia mimi mwenyewe. Sema hivi: nani amefungulia mbuzi?"

Machozi yakamjaa. Mtoto ambaye hakulia kwa kuanguka mtihani alilia kwa kuambiwa aigize susu yake. Nilijaribu juma zima. Nilibembeleza, nikagomba, nikamwambia Mungu anaruhusu. Hapana. Mdomo unafunguka, macho yanaenda chini, mdomo unafunga.

Basi siku moja nikaona upuzi huu ni lazima uanze na mkubwa. Nikajaza leso tumboni, nikaweka mikono nyuma, nikatembea uani kama mwalimu wake, nikipiga visigino. "Mama! Sauti inatoka tumboni, si puani!" Mtoto akaweka mkono mdomoni. Nikaendelea. Nikamwigiza katekista anavyotafuta miwani iliyo juu ya paji lake. Nikamwigiza mzee wangu akidai uji, na mzee kutoka pale juani akasema, "Nawasikia, washenzi nyinyi," akicheka hadi fimbo ikamwanguka. Mtoto alianguka pamoja na fimbo. Na pale chini, akiwa bado anacheka, akasema, kwa sauti yangu mimi, "Nani amefungulia mbuzi?"

Nikaitoa leso tumboni. Kumbe ndivyo ninavyosikika? Sikujua kwamba mwisho wa kila swali nashusha pumzi kama mtu anayetua gunia. Mtoto alikuwa amekaa na sauti hiyo miaka yote, anaijua kuliko mimi.

"Tena," nikasema.

"Tena," akasema, na pumzi ikashuka.

Kuanzia hapo ilikuwa kila jioni. Naimba kipande, ananirudishia. Nakohoa, anakohoa. Nilimwambia asichague, achukue yote kama yalivyo. Jirani akaja mbio.

"Aiya! Mtoto anakuigiza na wewe umekaa hapo?"

"Nimemtuma."

"Ukizeeka atakuonyesha."

"Nimeshazeeka. Hebu imba kitu, naye akuonyeshe."

Alikataa, akarudi kwake haraka, na siku kadhaa alipita mbali na ua wetu, akiogopa kurudishiwa sauti yake.

Mtahini wa mara ya pili alikuwa mama, Mzungu vilevile, mwembamba, na vumbi la Nairobi lilikuwa limemkamata koo. Benchi ni lilelile. Nyimbo zikaenda, skeli zikaenda, mwalimu akatoka akakaa. Baba wa Katelembo alikuwa amekuja pia. Mwalimu alimwalika, na nafikiri alifanya vizuri. Alisimama karibu na dirisha akiwa ameshika kofia yake. Tulisalimiana kwa mkono, basi, hapakuwa na la kuongeza.

Kule ndani yule mama akakohoa, akacheza kipande. Kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu, nikaona macho yameshaenda chini, mdomo umeshafunga. Mwalimu alinishika mkono, mtu mzima na tumbo lake.

Halafu tukasikia mjukuu wangu akikohoa. Kikohozi kilekile, chembamba, cha kigeni. Na baada yake kile kipande, sauti kwa sauti, hakuna kilichopungua.

"Hata kikohozi!" mwalimu akanong'ona. "Mama, umemfundisha hata kikohozi!"

Ndani kulikuwa na kicheko kidogo, cha mtu mzima, kisha piano ikaendelea. Baba wa Katelembo alivaa kofia yake. Alisikia kama sisi tulivyosikia. Akaaga kwa heshima, akatangulia kuondoka, na hadi leo nikikumbuka siku hiyo nakumbuka mgongo wake kuliko ninavyokumbuka furaha yangu. Mtoto wake alipata tarumbeta nyingine baadaye, mmoja wa wale wakubwa alipoenda sekondari. Lakini siku ile yeye hakujua hivyo, wala mimi.

Matokeo yalipokuja, mwalimu alikubali kiti, akakubali chai, akala na muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Mtoto alikuwa amepita. Tarumbeta inabaki. Mwalimu alisema, "Inabaki," na mtoto akaitika, akachukua kibuyu akaenda kwa ng'ombe kama siku yoyote. Nilisikitika kidogo. Nilitaka aruke, apige kelele, nami nipate kuruka.

Mwalimu alipoenda nilimfuata bomani. Hakuwa anakamua. Alikuwa ameegemea nguzo, ananipa mgongo, anaimba polepole. Nilikitambua kipande, ni cha yule Mzungu wa kwanza, mzee. Alikiimba vilevile kilivyokuwa, chote, hadi mwisho wake unaoning'inia. Kisha akavuta pumzi, akakijibu.