Ngamia Tuliyemtanguliza

Siku yangu ya kwanza kwenye jumba la sanaa Doha nilikatazwa kushika masikio. "Sikio, mkia, mguu, khalas, basi, sahau," alisema Msimamizi wa Ghala. "Mnyama wa udongo hushikwa tumboni." Nikacheka moyoni. Mimi mtoto wa Tanga, mjukuu wa mfinyanzi, leo nafundishwa kubeba chungu! Kumbe ndiyo kazi itakayonilisha hadi nistaafu.

Wanangu, katika maonyesho yote niliyopanga, moja bado linanisisimua. Alikuja mama mmoja mfinyanzi, Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa Australia, na wanyama wake wa udongo uliochomwa: kangaruu, emu yule ndege mkubwa kama mbuni, mbwa mwitu, ngozi zao zimechorwa mito na makorongo ya kwao. Na ngamia mmoja, mzito kama gunia la mchele. Sisi tukamweka ngamia mlangoni, mbele ya wote. Nani asiyempenda ngamia Qatar?

Yule mama aliingia saa moja kabla ya ufunguzi, akamwona, akasimama.

"Huyu aliletwa na wakoloni kubeba mizigo yao katika nchi yetu," alisema. "Siku hizi anazurura, anakausha visima vyetu. Simchukii, hakuomba kuletwa. Lakini mkimtanguliza mbele ya wenyeji, mmerudia yaleyale. Heri nifungashe wanyama wangu."

Mkuu wa Maonyesho akakunja uso. "Wageni wako njiani. Tukimhamisha sasa, akivunjika je?"

Nikaropoka: "Bosi, hata kwetu mgeni hamtangulii mwenye nyumba. Akivunjika, nifukuze mimi."

Akanitazama. "Yalla, haraka!"

Tukainama, mimi na Odhiambo, Mkenya niliyefanya naye kazi. Ngamia wa udongo ni mtupu ndani, na miguu ndiyo hukatika kwanza.

"Mathe, hii ikianguka tumeisha," alinong'ona Odhiambo, aliyezoea kuniita mama kwa Kisheng.

"Funga mdomo, shika tumbo!"

Jasho lilinitoka kwenye kiyoyozi. Moyo ulinidunda utadhani naolewa! Tukamtua salama mwisho wa ukumbi, nyuma ya kangaruu.

Mzee mmoja wa Kiqatari alikuja kumtafuta ngamia, akalazimika kuwapita wanyama wote, mmoja mmoja. Alipomfikia akamuuliza yule mama, "Nani aliwapeleka ngamia huko kwenu?" Walizungumza mpaka walinzi wakaanza kufunga milango.

Leo nimestaafu na mgongo wangu haufai. Vijana huniuliza kama kubeba vitu vya watu ni kazi ya kujivunia. Naam, tena sana! Maonyesho yalipokwisha, ni mimi niliyemfungasha ngamia yule kwa safari ya kurudi Australia. Nilimpapasa tumbo nikamwambia, "Nenda salama, mwenzangu. Lakini safari hii, ukifika, piga hodi."