Duara la Minyaa

Lusia alimfahamu ndezi. Kila msimu mpunga wake wa bondeni, huku Didia, ulikatwa mashina kwa mshazari, kama kwa kisu, na kwenye tope la mtoni mnyama aliacha njia yake, nyayo zake, hata kinyesi chake. Mwizi asiyejificha. Lusia alimtega, akamla, na mguu mmoja kila mara ukaenda kwa Maganga, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, adui yako mtamu," Maganga alizoea kusema, akilamba vidole. "Wangu mimi hawaliki!"

Ni Maganga huyo aliyemwachia ngitili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, akachukua yeye shamba la barabarani la mjane huyo. Watu walimsifu. Lusia alimshukuru kwa kupiga magoti.

Mwezi wa tisa akawaingiza humo maksai wake wawili, ambao ndio waliomlimia. Siku ya nne, asubuhi, mmoja alikuwa chini, amekufa, damu nyeusi ikimtoka puani bila kuganda. Majirani walikuja na visu. Bwana mifugo, Theonest, akawazuia.

"Msimpasue! Hiki ni kimeta."

"Kimetoka wapi?" Lusia aliuliza. "Hawakuchanganyika na ng'ombe wa mtu."

"Udongoni, Mama Ngusa. Kijidudu chake hakionekani kwa macho. Hakina nyayo. Hulala miaka na miaka kikingoja mdomo. Hapa pamewahi kuzikwa ng'ombe?"

Lusia alikwenda pale nyasi zilipostawi kuliko kwingine, akazipekua. Visiki vya minyaa, vimekatwa usawa wa ardhi, vimejipanga duara. Didia nzima yajua: ng'ombe wa kimeta huzikwa, na minyaa, miti ya utomvu mkali, hupandwa kumzunguka ili kwato zisifike. Alama za panga zilikuwa bado mpya.

Mchana Maganga alifika.

"Ulijua?"

"Shemeji, hayo ni ya enzi za baba. Nilidhani yameshaisha."

"Na minyaa ulikatia nini?"



Maksai aliyebaki alichomwa sindano, akapona. Lusia alipanda minyaa upya, maduara mawili, moja kwenye kaburi la zamani na moja kwenye la maksai wake aliyekufa. Maganga alikuja na jembe kusaidia. Lusia akaendelea kupanda, naye akarudi nalo.

Mvua ziliponyesha, Lusia alilima kwa mkono, kwa kuwa maksai mmoja havuti plau. Mpunga ulipokomaa, ndezi akaja kwa njia yake ileile ya topeni. Lusia alimtega, akampika, na miguu yote minne ikabaki chunguni.