Mvua Waliyosema Nimeifunga

Walipomwagia maji tofali la kwanza sikuinuka. La pili pia sikuinuka. Nilikuwa nimekaa juu ya bidoni tupu, dumu la maji lililopinduliwa, pacha mmoja ananyonya kulia, mwingine kushoto, na mwanamke mwenye watoto wawili kifuani hasimami haraka. Walikuwa wanawake sita wa avenyu yetu, kila mmoja na maji yake kichwani, na walikuwa wanaimba. Wimbo ulikuwa wa kanisani, ila mahali pa jina la Bwana waliweka mvua. Matofali yangu mabichi, niliyoyapiga kwa mikono yangu tangu Januari na kuyafunika majani yakauke, yalianza kulegea na kurudi kuwa matope.

Kilichoniinua ni mule. Mule ni kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako, unachojazia udongo ukipiga tofali. Bila mule huna nyumba, una udongo tu. Jirani yangu wa upande wa kushoto, mama mtu mzima ambaye asubuhi ileile alikuja kuniomba chumvi, aliiokota akaibana kwapani.

"Hii tunaenda kuchoma," alisema. "Fungua mvua, mama mapasa. Watu wanataka kupanda."

Mama mapasa ndivyo wanavyomwita kwetu mwanamke aliyezaa mapacha. Siku nyingine ni heshima. Siku ile aliitema kama mbegu ya chungwa.

Niliwalaza watoto juu ya kitenge, nikasimama, nikachukua bidoni yake iliyobaki na maji nusu, nikammwagia yote kichwani. Kitambaa, blauzi, mpaka kandambili.

"Sasa na weye umefunguliwa," nikamwambia.

Wimbo ulikatika. Waliondoka, na mule yangu wakaenda nayo.

Nieleze kidogo. Tofali bichi linataka jua. Kwa hiyo mvua ikichelewa mwezi wa tatu, macho yote yanamgeukia mpiga matofali, kwa sababu ndiye anayefaidi. Wanasema anafunga fundo kwenye kamba ya mgomba, anaitundika juu ya moto, na mvua inabaki imefungwa pale. Dawa yake ni kuyarudisha matofali kwenye maji. Na mpiga matofali akiwa na mapacha, hakuna hata haja ya kuuliza, maana mapacha na mvua, wanasema, ni watu wa nyumba moja.

Katika mwaka wa amani ningecheka. Ule haukuwa mwaka wa amani. Vita ilikuwa imetoka katikati ya Bunia, mji wetu, ikasogea vijijini, na jioni upepo ukigeuka tuliisikia bado. Watu walikuwa wameuawa kwa neno dogo kuliko hilo la kufunga mvua. Nilipolisikia linazunguka kwenye chemchemi, sokoni, mbele ya kanisa, nilijua linakokwenda. Linaanza na tofali, linafika kwenye kiwanja, linamalizia kwa mtu.

Nyumba yetu iliungua tukiwa njiani tunakimbia. Tulifika hadi Niania. Baba wa watoto akabaki huko kwenye machimbo ya dhahabu, mimi nikarudi na watoto, kwa sababu kiwanja ukikiacha mwaka mzima utakuta mtu amejenga. Tulilala chini ya bashi, lile turubai la plastiki walilotugawia kwenye kambi ya wakimbizi ya uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeona kambini mvua kubwa inavyoharibu kifua cha mtoto anayelala chini ya bashi. Wangu walikuwa na miezi saba. Nilitaka kuta nne kabla mvua hiyo haijafika, na sasa watu walitaka kunifukuza kwa sababu haijafika. Tena na mimi nilikuwa nimepanda maharagwe. Hakuna aliyeniuliza habari ya maharagwe yangu.

Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, aliita kikao siku iliyofuata, palepale kwangu, ili aone matofali kwa macho yake. Alikuja saa tano na kiti chake cha plastiki. Alikuwa na sekreta wake, muzee mwembamba ambaye zamani alipima mvua miaka mingi kwenye shamba la kahawa.

"Nani anashitaki nani?" shefu aliuliza.

"Mimi," akasema jirani. "Huyu alinimwagia maji."

"Na mimi," nikasema. "Yeye alimwagia matofali yangu."

"Basi muko sawa, kila mutu amelowa. Sasa mvua."

Jirani alifungua ncha ya kitenge chake akatoa kamba ya mgomba. Niliitambua mara moja.

"Jana tuliikuta juu ya moto yake. Mafundo kumi na tisa. Hesabu, shefu."

Watu walirudi nyuma hatua moja, kama vile ni nyoka.

"Hiyo ni kaye yangu, daftari yangu ya hesabu," nikasema. "Kila matofali mia, fundo moja. Karatasi watoto wanakula, niandike wapi? Na juu ya moto hawaifikii."

Sekreta alikwenda kuhesabu safu za matofali, yaliyobaki mazima na yaliyoyeyuka. Hakuwa na haraka. Aliporudi alisema hesabu inakaribiana.

"Anaweza kuhesabu na kufunga na kamba ileile moja," akasema mama mmoja nyuma.

Nilimnyang'anya jirani kamba. "Tazameni," nikasema, nikaanza kufungua. Kamba ya mgomba ikikauka inakuwa ngumu kama waya. Mengine nilitumia meno.  Fundo la kumi na tisa lilipolegea, wote walitazama juu, na shefu naye. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Pacha mmoja alipiga chafya.

Sekreta akacheka. "Mumeona? Hakuna mutu anagusa mvua. Nilipima pale kwenye kahawa tangu nikiwa kijana. Inakuja miaka kavu, inakuja miaka ya maji, inazunguka kama gurudumu ya baiskeli. Mambo ya mbingu haiko mambo ya watu. Muache huyu mama apige matofali yake."

Hapo nilikuwa nimepona. Ilibaki niseme "asante, muzee" na kikao kiishe. Lakini nilikuwa nimesoma sekondari mpaka mwisho, na mwaka wa mwisho prof wetu wa jiografia, mtu aliyekuwa anafundisha huku mabati ya darasa yameshaibwa, alituandikisha somo la hewa inayokaa juu ya dunia na kuzuia joto lisitoke. Nililisoma kwa mtihani, nikalishika. Na mimi nina ugonjwa mmoja: uongo siuvumilii hata ukiwa upande wangu.

"Haiko hivyo, muzee," nikasema. "Watu wanagusa."

 Jirani akapiga makofi mara moja. "Mumesikia? Amekubali na kinywa yake."

Sijui kama nimewahi kuwa na hasira kama ile, na nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe. Wale wa nyuma walianza kusema wote kwa pamoja. Nilimshika jirani mkono.

"Ingia ndani ya bashi yangu," nikamwambia. "Ingia ukae."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Unaogopa mapacha?"

Aliingia kwa ubishi. Nilimfuata na watoto, nikashusha pazia la mlango. Ilikuwa inakaribia saa sita. Tulikaa tukitazamana. Baada ya muda mfupi jasho lilianza kumtiririka kutoka kwenye kitambaa.

"Iko moto," alisema.

"Moto imetoka wapi? Umeona nimewasha kitu?"

"Ni jua."

"Jua iko nje pia. Mbona nje ni nafuu?"

Alitazama plastiki juu yetu. Huyu mama hakusoma, lakini amekausha samaki na mihogo maisha yake yote, joto analijua kuliko prof wangu. "Ni bashi," akasema. "Inashika joto, haiachi itoke."

"Ndiyo hivyo. Moshi ya mafuta na makaa ya mawe, na ya misitu banachoma, ndani yake iko hewa inashika joto vilevile. Inapanda juu, inakaa miaka. Kila mwaka bashi ya dunia inaongezeka unene. Joto ikizidi, mvua inachanganyikiwa. Huku inakawia, kule inamwagika yote siku moja."

"Nani alitandika hiyo bashi?"

"Watu. Wengi beko mbali sana, benye viwanda na magari. Hawatujui."

"Na weye?" Alisema akionyesha kwa kidevu upande ambako nilipanga kujenga tanuru ya kuchomea matofali.

 "Na mimi," nikasema. "Tanuru yangu itakula miti. Ni kidogo mbele ya wale, lakini itakula. Na makala yako unayouza, makaa ya miti, nayo pia."

Alijipepea kwa mkono muda mrefu. "Basi siye wote tulifunga," akasema. "Ila benye viwanda bana kamba ndefu." Kisha akanipokea pacha mmoja ili nifungue mlango.

Nje sekreta alikuwa amesimama karibu sana na plastiki. Alikuwa amesikia yote na alikuwa ameumia.

"Na mizunguko yangu?" aliuliza.

"Iko, muzee. Mvua ya mwezi huu inaweza kuwa imechelewa kwa sababu ya hiyo tu, siwezi kuapa. Baiskeli yako inazunguka kama zamani. Lakini siye tumeipakia muzigo, na kila mwaka tunaongeza mwingine. Karatasi zako za mvua ziko wapi? Lete tuangalie wote."

Akatusimulia. Karatasi zake ziliibwa na vita, pamoja na meza. Baadaye alizikuta sokoni, mama mmoja anafungia karanga. Alikwenda kila siku kununua karanga kwa yule mama, akala mpaka tumbo likamsumbua, na aliokoa kurasa kumi na moja. Miaka mingi ya mvua, na kurasa kumi na moja zenye mafuta. Aliposimulia hivyo hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa inachekesha.

Shefu alisimama na kiti chake. "Mimi sina stempu ya mvua," alisema. "Niko na stempu ya kugonga karatasi. Mwenye mashitaka alete barua." Alifikiri nitachoka. Hakunijua bado.

Saa kumi siku ileile jirani alirudi. Alikuwa na mule yangu mkononi, kona moja nyeusi.

"Ilikataa kuwaka," alisema, bila kunitazama.

Alikaa chini. Nilikuwa nimeanza kuandika, bidoni ndiyo meza. Aliuliza ninaandika nini, nikamsomea. Alisikiliza huku anambembeleza mmoja wa watoto, halafu akasema, "Andika na chemchemi."

Alisema kweli. Kabla ya vita chemchemi yetu ilikuwa ndani ya kivuli, huwezi kuona mbingu ukichota. Tulikata ile miti wote. Wenye bunduki walikata, na sisi tuliorudi bila kitu tulikata, kwa kupikia, kwa nguzo, kwa makala. Nilipokuwa nakimbia nilipita Epulu kwa miguu, ndani ya msitu mkubwa, na kule mvua ilitupiga karibu kila mchana, tukilalamika. Niliporudi kwenye chemchemi iliyo uchi nilikumbuka malalamiko yale nikaona haya. Basi niliandika na chemchemi.

Mvua ilinyesha wiki mbili baadaye. Wale mama sita walisema ni maji waliyomwaga. Sekreta alisema ni mzunguko.  Mimi nilikuwa juu ya ngazi, natandaza bashi juu ya kuta ambazo bado hazijafika mwisho, na jirani akiwa chini ananipa mawe ya kuikandamizia. Lakini wakati huo barua yangu ilikuwa imeshagongwa stempu ya shefu. Niliipeleka Alhamisi iliyofuata kikao, asubuhi, na nakala yake ninayo mpaka leo. Inasema hivi:

Kwa Bwana Shefu wa Kartie.

Jambo: mashitaka juu ya matofali yaliyoharibiwa, na juu ya mvua.

Mimi, mama wa mapacha, mkaaji wa kiwanja cha mwisho cha avenyu yetu kabla ya chemchemi, ninashitaki kwamba wanawake sita waliingia kwangu bila ruhusa, wakayeyusha matofali yangu na kuchukua mule. Mule imerudishwa. Matofali ninadai wale sita wayapige upya. Udongo nitatoa mimi.

Ninaomba iandikwe katika kitabu cha kartie kwamba sikufunga mvua, na kwamba mtu atakayelirudia neno hilo juu yangu au juu ya mpiga matofali yeyote aitwe mbele yako siku hiyohiyo, kwa sababu katika wakati huu neno hilo linaua.

Sisemi kwamba watu hawana kosa. Wanaoharibu hewa kwa wingi wako mbali na ofisi yako na anwani yao siijui; nikiijua nitawaandikia. Kwa sasa ninawashitaki walio karibu: watu wote wa avenyu yetu, pamoja na mimi, tuliokata miti ya chemchemi na hatujarudisha hata mmoja. Ninaomba salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, iwe ya kupanda miti pale, na isiwe mikaratusi, maana inakunywa maji. Nitakuja wa kwanza na jembe langu. Kwa tanuru yangu moja nitapanda miti kumi, na sekreta aihesabu.

Ninaomba sekreta apewe kaye mpya na chombo cha kupimia mvua, na kaye hiyo ifungiwe mahali ambapo muuza karanga hataifikia. Watoto wangu wakijua kusoma waikute, waone wenyewe kipi kinazunguka na kipi ni mzigo wetu.

Kuhusu maji niliyommwagia jirani yangu kichwani: ni kweli, nilimmwagia. Amenisamehe, na ametia kidole chini ya barua hii, upande wa kushoto, kama mshitaki wa pili.

Imeandikwa Bunia, kwa mkono wangu.