Gemu Iliyomsubiri Baba

Desemba iliyopita nilikwenda Lanet, mtaa wa kando ya kambi ya jeshi tulikokulia, kumsalimia jirani yangu wa utotoni, na kabla sijabisha mlango nikausikia ule mlio wa gemu ya TV. Kijitu kikiruka shimo, ti-ti. Kijitu kikianguka, sauti tatu zikishuka kama mtu anayeteremka ngazi. Mkono wangu ukabaki hewani. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na bado wivu ulinipanda kooni kama kiungulia.

"Si uingie!" akaniita. "Viatu acha tu, hawa watoto washaharibu nyumba."

Watoto wake wawili walikuwa sakafuni, wameshika padi za kuchezea gemu. Siku hizi unanunua kidude kidogo mjini, unakichomeka nyuma ya TV, na gemu zote za zamani zimo. Wao huziita gemu za kina mathe, yaani za mama zao. Nilikaa nikatazama, jambo ambalo nililifanya sana nilipokuwa na umri wao.

Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na alipotoka nchi za nje kulinda amani alirudi na sanduku lenye gemu ya TV, padi mbili na kaseti moja ya gemu, ya njano. Baba yangu alikuwa karani. Alirudi na mkate na gazeti la jana. Watoto wa mtaa tulijaa sebuleni kwao, na sheria ilikuwa moja: ukifa, unapeana padi. Mwenye gemu hakufa haraka. Kwa hiyo nilipata muda mwingi wa kuangalia mambo mengine. Naikumbuka harufu ya kiwi ya viatu na mandazi yenye iliki. Nakumbuka jinsi kaseti ilivyopulizwa mpaka midomo ikakauka. Tarumbeta ya kambini ikilia jioni, nilijua sufuria zinanisubiri nyumbani, nami nilizisugua kwa majivu huku nikiwasikia wenzangu wakishangilia ng'ambo ya ukuta.

Lakini nikuambie ukweli, sanduku lenyewe halikuniuma sana. Kilichoniuma ni baba yake. Akiwa nyumbani alikaa kwenye mkono wa kiti, miguu ndani ya soksi, akimfuata binti yake kwa macho na kumwambia, "Ngoja... ngoja... sasa ruka!" Baba yangu alikuwa mtu mwema, ila hakuwahi kuniuliza nilikuwa nikifanya nini.

Mwaka mmoja baba yake alipangiwa kurudi ng'ambo, na safari ilikuwa Jumapili. Binti akamwahidi kwamba ataimaliza gemu mbele yake kabla hajaondoka. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kuuona mwisho. Gemu zile hazikuwa na mahali pa kuhifadhi chochote. Ukizima, unaanza upya. Ijumaa baada ya shule akafika hatua ya mwisho, akaisimamisha, akafunika TV kwa kitambaa cha kufuma cha mama yake.

"Mtu asiguse," akatuonya. "Daddy akitoka kambini kesho, anaona mwisho."

Ikalala ikiwaka. Jumamosi asubuhi mama yangu alinituma chumvi kwao. Jirani yangu alikuwa ameenda posho mill kusaga mahindi, mama yake alikuwa nyuma akianika nguo, na mlango wa sebule ulikuwa wazi. Niliinua kitambaa. Kijitu kilikuwa kimeganda katikati ya daraja. Nikazima swichi ya ukutani, nikahesabu mpaka tatu, nikawasha, nikarudisha kitambaa kama kilivyokuwa. Kisha nikaomba chumvi.

Kilio cha jirani yangu nilikisikia kupitia ukutani. "Stima hii ya Lanet ina pepo!" mama yake akafoka. Nilikwenda nikampa pole, nikasema hata kwetu umeme ulipotea. Halafu nikasingizia tumbo na kulala mchana kutwa, kwa hiyo sikujua siku ile iliishaje.

Nilijua Desemba ile niliyomtembelea. Mtoto mkubwa wa jirani yangu alianguka kwenye hatua ya mwisho, akabonyeza kitufe, kijitu kikarudi palepale. Mama yake akacheka.

"Nyinyi mna raha. Mimi stima ilinifutia yote, na babu yenu anasafiri kesho yake. Nililia! Akaingia, akavua buti, akachukua padi ya pili. Akasema, 'Haya, kuruta, tunaanza upya.' Na alikuwa hajui kucheza hata kidogo. Anaanguka shimo la kwanza, kila saa! Tulicheza mpaka ugali ukapoa. Hatua ya tatu hatukufika." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Tangu tumzike, hiyo ndiyo siku huwa nakumbuka."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Nikajishika, maana nilijua kilichonisukuma. Sikutaka kutubu. Nilitaka nami niwemo kwenye Jumamosi ile, hata kama ni kwa ubaya. Ilikuwa yao wawili, na sasa imebaki ya mmoja.

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Mtoto mdogo akanipa padi. "Cheza, anti. Usiogope kufa."

Nikaanguka, kikarudi. Nikaanguka tena, kikarudi tena. Hakuna aliyeomba zamu. Watoto walichoka kunicheka, wakatoka nje na mpira, wakaniachia gemu nzima, ile ambayo zamani ningetoa chochote kuishika dakika tano. Niliendelea kucheza. Nilifika mbali kuliko nilivyowahi kufika, mpaka hatua ya nne, nikageuka kumwonyesha mtu, na kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu.